Kimbunga Kilichomtangulia Mgeni Rasmi

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga. Jina lake la zamani lilipigwa marufuku na jina jipya bado halijazinduliwa, kwa hiyo kwa sasa tunaishi katika nchi isiyo na jina na mambo yanakwenda. Mkipita kwetu mtaitambua kwa utepe. Kila kitu cha maana kimefungwa utepe mwekundu, kinamsubiri mgeni rasmi.

Mimi ni mshereheshaji wa wilaya ya Chumvini. Mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti, nikasema itifaki imezingatiwa, nikawaambia watu wakati wa kupiga makofi na wakati wa kukaa. Wameniita Kipaza miaka mingi, hata mama yangu mzazi akalizoea jina hilo. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba anayewasimulia ni mtu mtiifu, anayeipenda Serikali yake, na aliyekwisha kula pilau yake mara nyingi.

Kwetu kitu hakijawa kitu mpaka kizinduliwe. Daraja la Mto Kigwe lilikamilika zamani, na watu hupita chini yake wamekunja suruali, wakiinua macho kulitazama kwa fahari. Zahanati ina vitanda vipya, wagonjwa hulala barazani na kuvichungulia dirishani. Fundi baiskeli mmoja aliwahi kuteka ndoo ya maji kwenye kisima ambacho sherehe yake ilikuwa haijafanyika, akashtakiwa kwa kosa la Kumtangulia Mgeni Rasmi. Hakimu alimfunga kwa masikitiko makubwa, wote wawili wakiwa wamesimama mvuani, kwa kuwa jengo la mahakama nalo lilikuwa bado.

Tena, ili kubana matumizi, Wizara ya Maafa iliunganishwa na Wizara ya Sherehe. Wataalamu waligundua kwamba zote mbili zinatumia vitu vilevile: maturubai, viti vya plastiki, maji ya chupa na mpiga picha. Waziri akawa mmoja, Mheshimiwa Dakta Sururu, mtu mwenye sauti nzuri ya kuombolezea na mkono mwepesi wa kukatia utepe.

*

Chumvini iko bondeni, pembeni mwa ghuba. Watu wake wanapika chumvi na kulima mpunga kidogo. Juu yao kuna kilima kimoja tu, na juu ya kilima hicho Serikali ikajenga Kituo cha Kukimbilia Kimbunga. Sisifu ovyo, jengo lilikuwa jengo. Kuta nene, paa la zege, tangi la kukinga maji ya mvua, mlango wa chuma ambao wanaume wawili ndio waliouweza. Siku fundi wa mwisho alipoondoka, Mkuu wa Wilaya, Bwana Tindwa, alifunga mlango kwa kufuli, akaweka ufunguo mfukoni mwa koti, akavuta utepe mwekundu mlangoni.

Kisha akasimama pale patakapokuwa na meza kuu, akatazama chini, akakunja uso. Bahari haikuonekana. Ilizibwa na mikoko, msitu mnene uliozunguka ghuba yote tangu babu zetu hawajazaliwa. Bwana Tindwa akaona si adabu mgeni rasmi aje hadi pwani halafu atazame majani. Mikoko ikakatwa. Nguzo nzuri zikatumika kutengeneza jukwaa, zilizobaki zikawa kuni za pilau. Wapika chumvi walipouliza nini kitazuia maji sasa, wakajibiwa kwamba mikoko mingine itapandwa kwenye Siku ya Mti, na mgeni rasmi wa siku hiyo anatafutwa.

Hapo ndipo Idara ya Hali ya Hewa, ambayo ni bwana mmoja na redio yake, ilipotangaza kwamba kimbunga kikubwa kinatoka baharini na kitatua kwetu mwishoni mwa wiki. Wizara ilimkaripia kwa kutoa taarifa bila kibali, halafu ikafungua kalenda ya Waziri. Ijumaa Mheshimiwa alikuwa anazindua mzani wa bucha. Jumamosi alikuwa na nafasi. Basi likatoka tangazo kwamba Serikali imepanga kimbunga kipokelewe Jumamosi saa nne asubuhi, sambamba na uzinduzi wa Kituo, na wananchi wote wahudhurie wakiwa na sare. Bwana Tindwa alifurahi sana. Aliniambia upepo kidogo utazipendezesha picha, bendera zitapepea bila kutikiswa na mtu.

*

Jumamosi hiyo kimbunga kilifika kwa wakati. Mgeni rasmi ndiye aliyechelewa.

Mji mzima ulipanda kilima asubuhi, kwa sherehe na kwa hofu pia. Mbingu ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele, na ng'ombe waliletwa juu bila kualikwa. Wa kwanza kufika mlangoni walikuwa mpika chumvi mmoja, Mwanahija, na kaka yake Shomvi. Walikuwa wamebeba kitanda cha kamba mabegani, na juu ya kitanda amelala mama yao, Bi. Nunu, amefunikwa khanga mbili. Bi. Nunu alikuwa amepigwa na kiharusi ambacho kilimwachia mkono mmoja na ulimi wote. Wakaweka kitanda chini ya utepe, kimegusa kizingiti. Mwanahija hakuwa na haja na pilau wala hotuba siku ile. Alitaka mama yake apite ule mlango kabla bahari haijapanda.

Bwana Tindwa alikuja akakitazama kitanda kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu. Akasema kitanda kitaharibu picha, kipelekwe nyuma ya hema la wageni. Mwanahija akasema mama yake hawezi kukaa nyuma ya hema, upepo wote unatoka huko.

"Ni muda mfupi tu," akasema Mkuu. "Mheshimiwa yuko njiani."

"Mwanangu," Bi. Nunu akamwambia Mkuu kutoka kitandani, "wewe nimekupakata ukiwa na upele kichwani. Leo mimi ndiye ninayeharibu picha?"

Watu walicheka, Mkuu hakucheka. Kitanda kikapelekwa nyuma ya hema.

Tukaanza na ngoma. Kazi yangu ni kuhakikisha umati hauchoki, nami nilifanya kazi yangu. Nikawatambulisha wazee, nikawatambulisha wageni waalikwa ambao hawakuja, nikaitambulisha meza kuu yenyewe na kitambaa chake. Akina mama wakacheza mpaka mvua ikalegeza ngozi ya ngoma, ikawa inalia kama mtu anapiga godoro. Upepo ukang'oa bendera ya kwanza. Nikasema makofi, wakapiga. Ukang'oa ya pili, nikanyamaza.

Ndipo turubai la hema lilipoondoka. Lilijaa upepo, likanyanyuka na nguzo zake, likapita juu ya vichwa vyetu na kwenda zake bara. Viti vya plastiki vikafuata kimoja kimoja. Nyuma ya palipokuwa na hema tukamwona Mwanahija amelala juu ya mama yake, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, na Shomvi amekalia miguu ya kitanda ili kisiruke. Nilijisikia vibaya rohoni, nasema kweli. Hata hivyo itifaki ilikuwa bado inazingatiwa.

Na mandhari? Mandhari ilionekana vizuri sana, kama Mkuu alivyokusudia. Hapakuwa na jani lililozuia macho. Tuliona bahari ikisimama, ikiwa nyeusi, ikija moja kwa moja. Ilipita mahali palipokuwa na mikoko bila kupunguza mwendo, ikameza matuta ya chumvi, ikaingia mashamba ya mpunga, ikafika nyumba za chini. Mapaa ya makuti yakaanza kuelea. Wenye nyumba walikuwa wamesimama karibu yangu, kila mmoja akaitambua ya kwake na kuitaja kwa sauti ndogo.

Watu wakasogea mlangoni. Mgambo wawili wakasimama mbele ya utepe. Nataka mnielewe hapa, maana wageni huwa hawaelewi. Utepe ule ulikuwa kitambaa chepesi ambacho mtoto angekikata kwa meno. Tulikuwa umati mzima wa watu wazima, bahari inapanda nyuma yetu, na hakuna aliyeunyoshea kidole. Kila mmoja alikuwa anamkumbuka fundi baiskeli.

*

Simu ya Mkuu ikalia. Alikuwa Mheshimiwa. Msafara wake ulikwama ng'ambo ya Mto Kigwe, kwa kuwa chini ya daraja kulikuwa kumejaa maji, na juu ya daraja kusingepitika kabla ya uzinduzi. Bwana Tindwa alisikiliza, akiitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kisha akanijia mbio. Mheshimiwa atazindua kwa simu. Nikashika simu nikaibana kwenye kipaza sauti. Jenereta ya Wizara ilikuwa bado inafanya kazi, kwa sababu ndiyo pekee iliyojengewa kibanda cha matofali.

Sauti ile nzuri ikatoka kwenye spika, ikashindana na upepo. Ilitusalimu. Ikatuuliza kama tuna furaha. Ikaeleza chimbuko la Wizara, na tofauti kati ya kimbunga cha wakati wa ukoloni na kimbunga cha sasa, ambacho ni chetu wenyewe. Maji yakafika shuleni. Sauti ikamshukuru Mkuu wa Nchi, ikamshukuru mke wa Mkuu wa Nchi. Maji yakapita shule. Watu walikuwa wamekaza macho kwenye spika, midomo inatembea, wanamsukuma Mheshimiwa afike mwisho.

"Na sasa basi," ikasema sauti, "kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi kwamba jengo hili—"

Ng'ambo ya ghuba tuliuona mnara wa simu ukilala chini taratibu. Spika ikabaki inakoroma.

Mwanamume mmoja akapiga kelele kwamba ametamka, sote tumesikia. Bwana Tindwa akasema hapana, hakumaliza, huenda alitaka kusema jengo hili lisubiri. Uso wake ulikuwa umelowa, na sidhani yote yalikuwa mvua. Mkuu aliyemtangulia wilayani alikaa kabla wimbo wa taifa haujaisha, na hadi leo hakuna anayejua alihamishiwa wapi. Bwana Tindwa akaamuru tusubiri mnara utengenezwe.

Hapo ndipo Mwanahija aliponijia. Alitambaa nusu ya njia kwa sababu ya upepo, akanishika kanzu, akainuka kwayo. Alizungumza karibu kabisa na sikio langu.

"Kaka Kipaza. Ukisema kitu kwenye hicho chombo, watu wanabisha?"

Nikamwambia tangu nizaliwe sijawahi kubishiwa.

"Basi mtaje mama."

Sikuwa na muda wa kuogopa, ndiyo bahati yangu. Nikainua kipaza sauti. Nikasema itifaki imezingatiwa. Nikasema mgeni rasmi amepata udhuru, lakini kwa upendo wake kwa wana Chumvini amemtuma mwakilishi, na naomba wote tusimame tumpokee Mheshimiwa Bi. Nunu binti Kombo.

Wakasimama. Waliokuwa wamelala chini kukwepa upepo wakasimama wakishikana. Wakapiga makofi. Shomvi na wenzake watatu wakanyanyua kitanda, wakakipitisha katikati ya watu, na mgambo, walipoona kitu kinapita juu juu na makofi yanapigwa, wakakakamaa wakapiga saluti. Bwana Tindwa naye alisimama. Mwili ulisimama wenyewe, ukafunga kifungo cha koti, ukatoa ufunguo mfukoni na kuukabidhi kwa mikono miwili. Niliyaona macho yake yakiutazama mkono ukifanya hivyo.

Nikampa Bi. Nunu mkasi wa sherehe. Mwakilishi lazima aseme machache, kwa hiyo nikamsogezea na kipaza sauti.

"Sina hotuba," akasema. "Ingieni, watoto wamelowa."

Akakata kwa ule mkono mmoja. Mlango ukafunguliwa, na Chumvini yote ikaingia, pamoja na ng'ombe wawili. Bwana Tindwa aliingia wa mwisho. Alisisitiza kwamba hakuingia, amesukumwa na upepo, akaniomba nikumbuke hivyo ikitokea nimeulizwa.

Sitasimulia sana ya mle ndani. Kimbunga kilipiga kuta mpaka jioni na kuendelea, na kila kitu kilipogonga mlango tulijiuliza ni mti au ni mtu. Bi. Nunu alilala katikati, akiwaita watu kwa majina ya baba zao, kuhakikisha wapo. Walikuwepo wote.

*

Tulipofungua, hakukuwa na upepo hata wa kutikisa shungi. Minazi ilikuwa imelala upande mmoja, shamba baada ya shamba, kama imeambiwa. Samaki walikuwa wamekufa ndani ya mashamba ya mpunga, na mpunga ulikuwa umekufa ufukweni. Udongo ulikauka juu ukatoa ukungu mweupe, tukaugusa kwa ulimi, chumvi tupu. Visima navyo chumvi. Watu ambao maisha yao yote walichoma kuni kutafuta chumvi sasa walikuwa nayo kila mahali, na hakuna aliyeitaka. Mahali pa mikoko palikuwa na tope linalonuka na kaa waliopinduka. Daraja la Kigwe lilichukuliwa na maji pamoja na utepe wake, na kwenye taarifa za Wizara bado linahesabiwa daraja jipya.

Tulikunywa maji ya tangi la Kituo. Tangi lilikuwa kubwa, sisi tulikuwa wengi zaidi, na ng'ombe hawasikii la mtu. Siku ya tatu likakauka. Bi. Nunu alikuwa wa kwanza kuonekana ameathirika, midomo ikapasuka, ulimi wake ule ukawa mzito. Mwanahija alimlowesha midomo kwa kitambaa mpaka kitambaa nacho kikakauka.

Basi mtajua furaha yetu tuliposikia helikopta. Zilikuwa mbili. Moja ilimleta Mheshimiwa Dakta Sururu, ya pili ikaleta meza kuu mpya, kitambaa cheupe cha kuifunika, zulia jekundu, na maboksi ya maji ya chupa hadi kimo cha mtu. Watoto walikimbilia maboksi. Mgambo wakawarudisha, kwa kuwa msaada ulikuwa haujakabidhiwa, na ulikuwa umefungwa utepe.

Mheshimiwa alikuwa amekwisha pata habari. Hakukasirika, ni mtu mpole. Alitueleza kwa huruma kwamba wanasheria wa Wizara wamelitazama suala letu. Jengo halikuzinduliwa na mtu mwenye mamlaka. Jengo lisilozinduliwa halijaanza kuokoa mtu. Kwa hiyo, kisheria, sisi hatukuokoka humo, na msaada uliokuja ni wa walionusurika tu. Watu wakatazamana. Mheshimiwa akatutuliza, akasema Serikali haiwezi kuwaacha wananchi wake katika hali hiyo. Ufumbuzi ni mwepesi: tutoke wote nje, mlango ufungwe, utepe ufungwe upya, yeye aukate, tuingie tena mbele ya mpiga picha. Hapo tutakuwa tumeokoka kihalali, na maji yatakabidhiwa mara moja.

Tukatoka. Mngefanya nini nyinyi? Kitanda cha Bi. Nunu kikatolewa nacho, maana kila mtu alitakiwa awe nje. Jua lilikuwa la baada ya kimbunga, halina wingu, na mti wa kivuli haukuwepo tena kilima kizima.

Mwanahija alimfuata Bwana Tindwa, akamwomba chupa moja tu. Bwana Tindwa alimtazama mgonjwa, akatazama maboksi. Nadhani alitaka kutoa, nitamtetea kwa hilo. Akasema wakifungua boksi moja litaonekana kwenye picha kwamba msaada ulikuwa pungufu. "Baada ya hotuba tu, dada yangu. Baada ya hotuba tu."

Mwanahija akanijia mimi. Nikamnong'oneza kwamba ile ya juzi haiwezekani, mgeni rasmi mwenyewe amekaa pale, mwakilishi hana nafasi. Hata hivyo nilijaribu. Nikatangaza kwamba kutokana na jua, Mheshimiwa atazungumza kwa ufupi. Mheshimiwa akatabasamu, akapokea kipaza sauti, akasema anamshukuru mshereheshaji kwa utani wake, akaanza na chimbuko la Wizara.

Nilisimama kando nikitazama kitanda. Mwanahija alikuwa amevua mtandio, ameushika juu ya uso wa mama yake kwa mikono iliyonyoshwa. Shomvi alikuwa anampepea kwa kipande cha kuti. Mheshimiwa akafika kimbunga cha wakati wa ukoloni. Bi. Nunu akasema neno, nikaona midomo inatembea, Mwanahija akainama kusikiliza. Mheshimiwa akamshukuru Mkuu wa Nchi. Shomvi akaacha kupepea. Mheshimiwa akamshukuru mke wa Mkuu wa Nchi, akasema ana fahari kutangaza kwamba katika wilaya ya Chumvini kimbunga hakikuua hata mtu mmoja, akanirudishia kipaza sauti ili niongoze makofi, kisha akainuka na mkasi wake kuelekea utepe.

Mwanahija alikuwa ameshusha mikono. Mtandio uliotoa kivuli sasa ulikuwa umefunika uso.

Bwana Tindwa aliniashiria kwa kidole, harakaharaka, nitangaze. Nikainua kipaza sauti. Maisha yangu yote maneno yamenijia yenyewe, yakapanga foleni, na siku ile yalikuja machache tu.

"Ndugu zangu, kuna msiba. Bi. Nunu ametutoka. Wanaume, kachukueni majembe. Akina mama, mwingizeni ndani. Maji ya kumwoshea yapo pale kwenye maboksi."

Hakuna aliyebisha. Shomvi na wenzake wakanyanyua kitanda, wakaenda nacho mlangoni, wanaume wawili wakausukuma mlango, utepe ukakatika kifuani mwa wa kwanza wao bila yeye kuangalia chini. Akina mama wakapita mgambo, wakapasua maboksi kwa kucha, wakaingia na chupa wamezikumbatia. Mpiga picha alishusha kamera. Udongo usio na chumvi ulikuwa pale juu tu, penye zulia, kwa hiyo wanaume wakalikunja zulia wakaanza kuchimba. Mheshimiwa alikuwa amesimama palepale.

"Mzee," Shomvi akamwambia, jembe mkononi, "sogea kidogo."

Mheshimiwa akasogea. Nilimwona akitafuta uso wa kuvaa, ule wa kuombolezea, na hakuupata.

Mwanahija akatoka ndani. Alikwenda meza kuu, akaondoa chupa na maua, akavuta kile kitambaa cheupe, kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Akakikunja mkononi. Halafu akaja kusimama mbele ya Waziri wa Maafa na Sherehe, akamnyoshea mkono.

"Naomba mkasi," akasema. "Nikate sanda."

Akampa. Mwanahija akarudi ndani, akina mama wakaurudisha mlango nusu, na sisi tuliobaki nje tukausikia mkasi ukikata kitambaa.